Wahadhiri wa hesabu mwaka wa kwanza, hii "mlisoma Advance" itaisha lini?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia semista nzima, leo natema. Nipo mwaka wa kwanza, shahada ya uchumi, chuo sikitaji maana bado nakula ugali wao. Kuna kozi ya hesabu inayoangusha watu kila mwaka, na kila mwaka jibu la idara ni lile lile: wavivu, wanakula bumu (mkopo) na kushinda kwenye simu.

Tuambiane ukweli. Darasani tumechanganyika. Wapo wa tahasusi za PCM na EGM waliopiga hesabu za Advance (kidato cha tano na sita) miaka miwili, wapo wa HGE na ECA waliosoma BAM tu (hesabu za msingi), tena shule nyingine mwalimu wa BAM alikuwa wa kuazima. Wote tunasukumwa ukumbi mmoja, halafu mhadhiri anaruka mistari minne ubaoni, "hii mlisoma Advance". Ukinyoosha mkono unaulizwa ulisoma shule gani, ukumbi unacheka. Nani atanyoosha tena?

Hilo ningelimeza. Kinachonichoma ni testi. Matokeo ya testi ya kwanza yamebandikwa testi ya pili ikiwa mlangoni: namba ya usajili, alama, basi. Pepa yenyewe huioni. Kozi waki (kazi za semista) ni 40, UE (mtihani wa mwisho) ni 60, na mtu ana 11 kwenye ile 40, hajui hata alipotelea wapi.

Mnajua madhara yake? Kwenye diskasheni yetu kuna jamaa anapiga msuli kuliko wote. Nimemkuta anaandika kwamba kipeuo cha pili cha x² + 9 ni x + 3. Nikamwambia weka x = 4. 16 na 9 ni 25, kipeuo chake 5. Yeye kwa njia yake anapata 7. Akashika kichwa. Kumbe anatembea na kosa hilo tangu O level! Sasa ukimwambia atafute difrensheni ya kitu hicho hicho anapata 1, wakati jibu ni x juu ya kipeuo cha x² + 9, na kila mstari unaofuata umekwenda na maji. Huyu ni mvivu? Duara moja la kalamu nyekundu kwenye pepa yake lingemwokoa.

Mwingine akiona x² = 3x anagawanya kwa x pande zote, anabaki na x = 3, jibu la sufuri limeyeyuka. Swali likiwa la kutafuta faida kubwa zaidi, nukta nzima haikukaguliwa. Haya ni makosa ya kila darasa la hesabu duniani, wahadhiri wanayajua kwa moyo kwa sababu wanayasahihisha kila mwaka. Wanayaona, wanakata alama, wanafungia pepa kabatini.

Semina? Ipo kwenye ratiba. TA (msaidizi wa mhadhiri) anakuja na swali moja, ukimuuliza la pili anakutuma kwa mhadhiri. (TA namhurumia, naye ana vikundi kibao na masters yake inamsubiri.) Kwa mhadhiri mlango umebandikwa saa za ushauri, na umepigwa kufuli.

Najua watakuja wazee wa "sisi tulipita humo humo". Mlipita ndiyo, kwa madesa ya stationery ya nje ya geti, pepa za nyuma zenye majibu, na mengine ya uongo. Maswali yanajirudia, aliyekariri anaondoka na B+, anayetaka kuelewa anaenda kusapu (kurudia mtihani). Tukifika ekonometriki ndiyo tutajua nani alisoma nini.

Sidai pepa irahisishwe. Nadai irudi mikononi kabla ya testi inayofuata, ikiwa na alama za mahali nilipokosea. CR wetu (mwakilishi wa darasa) alipeleka barua idarani, kajibiwa kwamba pepa ni mali ya chuo.

Walioko vyuo vingine, nyie mnarudishiwa? Na kama mlikuwa mnakataliwa, mlibanana na nani mpaka wakalegeza: mkuu wa idara, serikali ya wanafunzi au watu wa udhibiti ubora? Wale wa "dogo kasome" nanyi karibuni, ila kabla hujaandika nitafutie difrensheni ya kile kipeuo.