Wazee wapimwe pua kabla mikono haijaanza kutetemeka?

Mjukuu wa Isanga: Wakuu, mzee wangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka. Miaka mingi kabla ya kutetemeka alikuwa hasikii harufu. Wali unaungua, naye kakaa jikoni hapo hapo. Nimesoma kuwa wagonjwa wengi huanza hivyo. Kwa nini zahanati zetu Mbeya zisiwapime wazee kunusa?

Kihesa Juu: Umpime, halafu? Dawa ya kuuzuia haipo. Hii wanayopewa, levodopa, inatuliza dalili tu. Mtawatia wazee hofu ya bure.

Mjukuu wa Isanga: Hofu ya bure? Kaka, mzee kazungushwa kwa waganga, mashemeji wanasema karogwa, mbuzi wameuzwa. Hofu hiyo uliiona?

Kihesa Juu: Pole kwa mzee, lakini mbuzi si hoja. Mama zetu wamepikia kuni maisha yote. Pua ikishindwa, nao utawaita wagonjwa?

Mama Mwanjelwa: Kuna kile kipimo cha Wamarekani, cha Pennsylvania, harufu 40. Unakwangua karatasi, unanusa, unachagua jibu. Wameweka mpaka pai ya maboga! Bibi wa Rujewa ataijulia wapi? Tutunge chetu: karafuu, dagaa, mafuta ya taa, mchele wa Kyela.

Uyole Kati: Mchele wa Kyela huo mnaouchanganya sokoni? Hata mwenye pua nzima atafeli.

Mama Mwanjelwa: Nani anachanganya? Mimi nasomesha watoto kwa mchele huo. Futa kauli yako.

Uyole Kati: Sijakutaja, mama. Ila gunia la Mbarali linauzwa kwa jina la Kyela, kila mtu anajua.

Muuguzi Makambako: Jamani. Pua peke yake haithibitishi kitu: mafua sugu, Korona, uzee, vyote vinaondoa harufu. Ila mzee asiyesikia harufu, mwandiko umekuwa mdogo, anapiga mateke usingizini na choo kigumu, huyo apelekwe kwa daktari mapema. Na dawa kutoponya si sababu ya kumnyima mtu miaka ya kujifunga vifungo mwenyewe.

Mtu wa Tukuyu: Mbona yule mama wa Scotland, Joy Milne, aliunusa ugonjwa kwa mumewe kabla ya madaktari?

Muuguzi Makambako: Huyo alinusa mgonjwa. Hapa tunasema mgonjwa ndiye anuse.

Mbarali Damu: Nimechelewa. Nani kasema mchele wetu haunukii?