Naombeni ushauri, kipimo changu cha mwanga kinanichanganya

Wakuu habari za jioni, nina taa ya yuvi (urujuanimno) ya nanomita 365 naitumia kuozesha rangi ya nguo kwenye maji, sasa msimamizi anataka nijue fotoni ngapi zinaingia kwenye chupa kwa sekunde, nikaamua nitumie feriokzaleti ya potasiamu (chumvi ya chuma inayobadilika ikipigwa na mwanga), ile njia ya Hatchard na Parker ya 1956. Nimulike, niongeze fenanthrolini (inayoleta rangi ya machungwa ikikutana na chuma kilichobadilishwa na mwanga), nisome ukali wa rangi kwenye nanomita 510, nipate kiasi cha chuma hicho, nigawe kwa kama 1.2 (idadi ya chembe za chuma zinazobadilika kwa kila fotoni), basi.

Shida ni kwamba hata sampuli niliyoificha gizani inageuka rangi ya machungwa, inasoma 0.18! Zilizomulikwa nazo dakika 2 inasoma 0.49, dakika 4 ni 0.78, dakika 6 inagoma kwenye 0.90. Fuwele zenyewe zilikaa kabatini karibu na dirisha, zile za kijani kibichi sasa zina unjano pembeni, na taa nyekundu ya kufanyia kazi bila kuiharibu chumvi sina, nimefunga selofani nyekundu kwenye tochi ya simu (msinicheke).

Je nitoe tu hiyo 0.18 kwenye hesabu, au niyeyushe upya kwa maji moto nigandishe fuwele gizani? Na hiyo ya dakika 6, nimemulika kupita kiasi au ni kwa vile sikorogi?