Ukuta, mikoko au mita 60: tupeleke lipi kwenye mkutano mkuu wa kijiji?

Mtoto wa Diko:
Wakuu, salaam. Kijiji chetu kiko njia ya Pangani ukitoka Tanga mjini. Kusi la mwaka huu limeangusha minazi mitatu mbele ya nyumba ya mama. Maji yakitoka unaona mchanga umekatwa wima, kimo cha mtu mzima, mizizi inaning'inia. Sasa kijiji kinataka kutunga sheria ndogo ya ufuo. Wenye viwanja wanaomba ruhusa ya kujenga kuta. Akina mama wa kikundi wanataka ufuo wote upandwe mikoko. Vijana wanasema sheria ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka baharini isimamiwe, basi. Mwenye uzoefu anisaidie kulinganisha kabla sijanyoosha mkono.

Fundi Raskazone:
Kuta za ufuo ndizo zimenisomeshea watoto, lakini nitakwambia kweli. Wimbi likigonga ukuta halifi. Linarudi na nguvu zake, linachota mchanga chini ya msingi, na lililobaki linamalizia pembeni, ukuta unapoishia. Niliwahi kujenga mmoja wa mawe, ukasimama imara kabisa. Misimu miwili baadaye jirani aliyekuwa hana ukuta akaniita: bahari ilikuwa imekula uwanja wake hadi kwenye choo. Nikajenga wa pili, na mtu wa tatu akaanza kulia. Mbele ya kuta zote hizo hakuna ufuo tena, maji yakijaa huna pa kukanyaga. Mji kama Pangani, ulio mdomoni mwa mto na majumba ya zamani yasiyohamishika, ukuta una sababu. Kwa nyumba moja moja kijijini, sikushauri, na hiyo kazi ukinipa nitaikataa.

Binti Bagamoyo:
Shikamoo fundi, umesema kweli. Kuhusu mikoko: msipande kila mahali! Sisi tulipanda miche kwenye mchanga mweupe ulio wazi, tukapiga picha, tukashangilia. Bamvu la kwanza, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, likang'oa karibu yote. Mikoko inataka tope na maji yaliyotulia. Nendeni mkaangalie pale inapoota yenyewe: mlilana unatangulia upande wa bahari, ule unaoitwa mkoko hasa unafuata nyuma yake, mkandaa uko juu zaidi. Kama mna hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, hapo ndipo pa kupanda. Na mara nyingi kuizuia isikatwe kunaleta faida kuliko kupanda upya. Kukata bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, ni kosa tayari, ila shoka haliogopi karatasi, linaogopa watu wanaopita pale kila siku.

Afisa Mipango Mstaafu:
Kijana, hayo mambo matatu hayako ngazi moja. Mita 60 si hoja ya kupigiwa kura. Zimo kwenye kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita hizo kutoka ufuo wa bahari. Sheria ndogo ya kijiji haiwezi kulegeza sheria ya Bunge, kwa hiyo ruhusa ya kuta kijiji hakiwezi kuitoa peke yake.

Ugomvi huwa ni wapi pa kuanzia kuhesabu. Ukipima siku ya maji mafu, yasiyopanda sana, mwenye hoteli anapata hatua nyingi za bure. Andikeni wazi: kuanzia alama ya juu ya maji ya bamvu. Kisha chimbieni mawe ya mpaka yanayoonekana, maana ramani iliyo ofisini haizuii tofali. Ongezeni yaliyo mikononi mwenu: kuchimba mchanga, kukata mivinje, kuziba njia ya kwenda diko, pale wavuvi wanapopaki vyombo. Rasimu ijadiliwe na mkutano mkuu, ndipo iende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982.

Nahodha Mstahimilivu:
Mchanga! Mnazungumza kuta huku malori yanabeba ufuo usiku. Na anayedhani nchi kavu haiondoki aende Maziwe, hapo mbele ya Pangani. Kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa halionekani. Mayai yanayotagwa pale watu huyahamishia ufuo wa Ushongo yasizame. Halafu tuachieni pa kuvutia ngalawa.

Mtoto wa Diko:
Ahsanteni, wazee wangu. Nimemsomea mama yote. Nyumba ile aliijenga marehemu baba, na zamani tulicheza mpira kati yake na bahari. Kanyamaza, kisha kasema asijengewe ukuta wa kumtoa jirani. Yuko tayari kuhamia kiwanja cha juu barabarani, ila asihamishwe peke yake. Nitasimama na mita 60 na katazo la mchanga, mikoko ibaki upande wa hori. Bamvu la mwezi mpevu linakuja. Nimeshapata kamba ndefu na vigingi. Mwenyekiti na akina mama wa kikundi watakuja tupime pamoja.

Afisa Mipango Mstaafu:
Mwiteni na mwenye hoteli ashike ncha moja ya kamba.