Waliofufua Datsun, Celica na mikweche mingine ya milango miwili nyumbani, tupeane uzoefu (kutu imenikalia kooni)

Mleta mada, Tanga

Wakuu habari za jumapili. Nina Datsun 1200 kupe, ile B110 ya 1972, aliniachia baba mdogo alipoona macho hayamruhusu tena kuendesha usiku. Imelala chini ya mwembe tangu 2009, na mnaijua hewa ya hapa, baiskeli tu ukiiacha nje mwezi inageuka rangi ya udongo, sasa fikiria gari. Majani ya mwembe yameziba vile vitundu vya kutolea maji chini ya waipa, maji yakawa yanashuka ndani miaka yote hiyo. Nilipoinua kapeti upande wa dereva niliona nyasi. Nyasi za uani, za kijani kabisa.

Injini haijanitisha. A12 ina moyo wa kusamehe, nilitia oili kidogo kwenye matundu ya plagi, nikaiacha siku 3, nikaizungusha kwa spana ikakubali. Shida ni bodi. Fundi wa kwanza kaniambia nipe laki nane, napiga puti napaka rangi wiki mbili inang'aa. Fundi wa pili kacheka akasema kauze kwa kilo. Mke wangu yeye anasema jina limemfaa kabisa, kupe, kazi yake kunyonya damu.

Nataka kufanya mwenyewe mdogo mdogo hapa nyumbani. Waliopita njia hii njooni, mlianzia wapi, mlikosea wapi.

Mdau wa Nairobi

Boss pole na pia hongera. Mimi yangu ilikuwa Datsun 120Y kupe, nilinunua huko Kiambu kwa mzee alikuwa anafugia kuku ndani. Sio story, kuku walikuwa wanataga kiti cha nyuma, na mavi ya kuku yakikaa na unyevu yanakula bati vibaya sana. Na huyo mzee bei hakutaka kushusha, unajua hizi Datsun kila mwenye nayo atakukumbusha Safari Rally, eti 240Z ilishinda 1971 na 1973, halafu Violet ikachukua mara nne mfululizo 1979 mpaka 1982 Shekhar Mehta akiwa kwa usukani. Ni kweli, lakini mzee wangu hiyo ni yako kweli? Hii yako imeshinda kuku.

Enyewe kitu cha kwanza, usiamini rangi. Toa sumaku kwa spika ya redio mbovu, ifunge kitambaa isikwaruze, pitisha bodi yote polepole. Mahali haishiki hapo hakuna gari, hapo kuna fila, yaani hiyo puti. Yangu upande wa kulia ilishika vizuri mpaka nikafika chini ya mlango, ikaanguka chini kama imekufa. Nikachukua grainda. Fila ikatoka nene kama mkate, chini yake waya ya kuku (tena kuku!), chini ya waya SARUJI. Mtu alikuwa amekoroga simiti akajaza kizingiti cha gari akapaka rangi akauza. Nilikaa chini nikacheka, halafu sikucheka tena kwa wiki hivi.

Kwa hivyo huyo fundi wa laki nane mwambie asante. Puti juu ya kutu ni kufunika sufuria tu, ndani mchemko unaendelea. Kata mpaka ufike kwa chuma kinachong'aa halafu ndio uanze kuhesabu hasara. Bati mimi nilitumia geji 20 kwa bodi na geji 18 kwa sakafu, nilikunjiwa pale Kirinyaga Road, sisi wengine bado tunaita Grogan.

Mleta mada, Tanga

Saruji tena jamani 😂 kesho natafuta sumaku.

Mdau wa Leicester

Hodi humu. Mimi mtu wa Unguja ila naishi Leicester, Uingereza, nina Toyota Celica TA22 ya 1974. Ninyi mnalia na upepo wa bahari, huku baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, gari zinaogeshwa chumvi kwa chini miezi mizima. Yangu ilikuwa inapendeza kwa juu kama bibi harusi, kuinua kwenye jeki ndio jeki ikapanda peke yake, gari limebaki pale pale. Jeki imeingia ndani ya bodi.

Sasa ndugu yangu wa Tanga nisikilize hapa maana ndipo nilipolilia. Gari hizi hazina chesisi ya kujitegemea kama lori, ile bodi yenyewe ndiyo mifupa, na kizingiti cha chini ya mlango ni mfupa mkubwa. Kupe ina mlango mrefu kwahiyo uwazi ni mkubwa zaidi. Mimi kwa ujuaji wangu nikakata vizingiti vyote viwili jumamosi moja, gari liko juu ya stendi nne, chai mkononi, najiona fundi. Jumapili nafunga mlango haufungi. Gari lilikuwa limekaa katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea, kidogo tu, milimita chache, lakini mlango haujui kidogo. Nilirudi nyuma miezi minne.

Kabla hujakata, chukua bomba la mraba, chomelea kutoka nguzo ya mbele ya mlango mpaka ya nyuma, weka na lingine la kukatiza. Kata upande mmoja tu, maliza, jaribu mlango, ndio uende wa pili. Na ukichomelea usivute mstari mmoja kwa raha zako, piga nukta, ruka kiganja, piga nukta, rudi katikati, acha ipoe. Bati likipata moto mwingi linavimba kama chapati na hutalinyoosha tena.

Huku kuna sheria tangu Mei 2018, gari ikitimiza miaka 40 na haijabadilishwa sana hailazimishwi kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Wenzangu wanashangilia. Mimi bado naipeleka kwa hiari, maana niliyoyaona chini ya ile rangi siwezi kuyasahau.

Mdau wa Moshi

Kwa vitu vidogo vidogo, breketi, bawaba, boliti, usijichoshe na brashi ya waya. Chukua ndoo ya plastiki, maji, magadi soda vijiko kadhaa, chaja ya betri ya volti 12 na kipande cha nondo. Waya wa hasi unashika spea yako, wa chanya unashika nondo, visigusane, washa, acha usiku kucha. Asubuhi kutu imelainika unaifuta kwa brashi ya viatu.

Rudia kusoma hapo kwenye hasi na chanya. Mimi mara ya kwanza niligeuza, asubuhi nondo inang'aa kama mpya na sinia ya betri, original kabisa, imeliwa kingo zote. Ule moshi mdogo wa mapovu ni hidrojeni, fanyia nje na sigara weka mbali, na usitumie chuma cha stenlesi badala ya nondo, yale maji yanageuka sumu. Ukitoa spea osha, kausha, paka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) SIKU HIYO HIYO, ukisema kesho utakuta imeshaanza wekundu. Kwa Tanga ningesema saa hiyo hiyo.

Mdau mwingine

Uza kwa kilo mkuu, ununue Passo ulale usingizi.

Mdau wa Mombasa

Huyo wa Passo mwacheni, hajui utamu wake.

Mimi nataka nikwambie habari ya tangi la mafuta maana hakuna aliyelitaja. Gari iliyolala miaka yote hiyo, petroli ndani imekuwa gundi, ikinuka kama rangi iliyooza, na chini kuna matundu kama ya sindano. Nilimpelekea kijana mmoja wa kuchomelea kwa gesi, akaniambia kashalisuuza na limekaa juani siku mbili, tupu kabisa. Mimi nikasogea pembeni kununua madafu. Nikasikia puu! Tangi limevimba kama mpira, kijana amekaa chini nyusi hana. Alhamdulillah ni nyusi tu.

Tangi tupu ndilo la kuogopwa kuliko lililojaa, kinacholipuka ni ule mvuke. Mzee aliyenitengenezea baadaye alilijaza maji mpaka karibu na pale anapochomea, akaacha upenyo kidogo tu juu, akafanya kazi yake anaimba kasida.

Mdau wa Nairobi

Nilisahau spea. Za injini usihangaike, A12 ni ukoo mmoja na A14, na Afrika Kusini waliendelea kutengeneza pikapu ya Nissan 1400 mpaka 2008, kwa hivyo gasketi, ringi, pampu ya maji, bado zapatikana. Shida itakuwa raba za vioo na taa za nyuma na zile nembo. Usitupe raba yoyote hata ikiwa imekauka kama biltong, ile nyama kavu, utaihitaji kupimia. Na piga picha kila boliti kabla hujafungua, weka kwa mfuko, andika. Mimi nilisema nitakumbuka. Niko na kopo la boliti 60 hapa, gari linatembea, sijui zinatoka wapi.

Mleta mada, Tanga

Wakuu mbarikiwe. Leo nimepata sumaku kwa fundi redio nikaizungusha gari nzima, mwanangu anaweka alama ya chaki kila inapodondoka. Boneti safi, paa safi, buti pale linapolala tairi la akiba chaki tupu, madigadi zote mbili za nyuma chaki. Kizingiti cha kulia sumaku imeshika mwanzo mpaka mwisho nikafurahi sana. Cha kushoto pia imeshika. Halafu nikakumbuka ya Leicester nikachukua mpini wa bisibisi nikagonga. Kulia inasema ting, ting, ting. Kushoto imesema ting, ting, pu.

Nimeagiza bomba la mraba. Grainda naazima kwa shemeji jumamosi.