Cherehani ya zamani imegoma katikati ya mfarishi: tupeane uzoefu

Mshonaviraka:
Wapenzi wa kushona, salamu. Cherehani niliyoachiwa na shangazi imegoma, na imegoma wakati mbaya. Viraka vyote vimeshaunganishwa, pamba imetandikwa, kitambaa cha chini kimebanwa kwa pini, nami nilikuwa nimeanza kupitisha mishono ya kushikiza tabaka zote tatu. Gurudumu likawa zito, mota ikaunguruma bila kuzunguka, nikachomoa waya. Huu mfarishi ndio unaonituliza akili kila jioni, na mashine yenyewe naipenda. Sitaki kununua mpya kabla sijawasikia waliopitia haya. Ya kwako iligomaje, na ulifanya nini?

Tone la Mafuta:
Pole sana mleta mada. Usiizike kabla haijafa. Ya kwangu ilikaa stoo miaka mingi, gurudumu halisogei hata kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa kizima kabisa, ila mafuta ya zamani yalikuwa yameganda kwenye viungo vyote yakawa gundi ya kahawia. Nilifungua kifuniko cha juu na cha chini, nikadondosha mafuta ya cherehani kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, nikapuliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikaiacha ilale. Kesho yake nikatikisa gurudumu mbele na nyuma, nikaongeza mafuta, na kuendelea hivyo kwa siku kadhaa mpaka likalainika. Mafuta ya kula usiguse, hayo nayo huganda. Na usiilazimishe mota wakati mashine bado nzito, itaungua.

Kabla ya yote hayo, toa kikombe cha bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini) uchungulie nyuma yake. Kipande kidogo cha uzi kilichonasa pale kinatosha kufunga mashine nzima. Pamba ya mfarishi nayo hutoa vumbi jingi linaloshindiliana chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa.

Gia Mpya:
Kwangu mafuta hayakusaidia. Mashine nyingi za miaka ya 1970 zina gia za nailoni ndani, na nailoni ikizeeka hupasuka. Dalili niliyoiona: gurudumu linazunguka vizuri, sindano inapanda na kushuka, lakini chini hakuna kinachodaka uzi. Gia nilipata kwa kutumia namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha mashine. Kuifunga ni rahisi, kazi ipo kwenye kupatanisha muda wa sindano na ndoano, ile inayozunguka chini na kudaka uzi. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, kama milimita 2 hivi, ncha ya ndoano inatakiwa iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu la sindano, idake kitanzi cha uzi. Ikiwahi au ikichelewa, mishono inaruka. Kama mkono wako haujazoea bisibisi, mpe fundi.

Mama Pindo:
Mwanangu, mimi ilipogoma nilichukua sindano ya mkono na fremu ya mbao nikaendelea. Anza katikati ya mfarishi uende nje, tabaka zisikunjamane. Fundo la uzi livute kidogo lipenye juu, lizame ndani ya pamba lisionekane. Ni kazi ya polepole, lakini mshono wa mkono unaukalia mwili vizuri zaidi, na sasa mashine naitumia kuunganisha viraka tu.

Mshonaviraka:
Asanteni mno, na shikamoo Mama Pindo. Nimetoa kikombe cha bobini: uzi ulikuwa umejizungusha nyuma, umefungamana na vumbi la pamba. Gurudumu limeanza kusogea, bado zito kidogo. Naendelea na mafuta, na ukingoni nimeanza kushona kwa mkono.

Tone la Mafuta:
Safi sana! Ikilainika, weka sindano mpya, namba 90 kwa tabaka tatu, na ushone kwanza kwenye matambara mpaka mshono utoke msafi. Mafuta mapya hushuka na sindano, na kwenye viraka vyeupe yataacha madoa.