Siku nane Scotland na mama mkwe: twende wapi?

MwanaWaMakupa:
Salaam aleikum jamani. Mwezi wa sita, inshallah, mimi, mke wangu na mama mkwe twaenda Scotland siku nane. Viza tayari. Mama ana goti, hapandi vilima. Mke ataka Edinburgh, Glasgow, ziwa la Loch Ness, kisiwa cha Skye, yote. Mimi naona tutaishia kuona barabara tu. Aliyefika aniambie la kweli.

BiKizito_Tudor:
Mwanangu, huyo mkeo mwambie Bi Kizito kakataa. Nilikaa Glasgow wiki tatu kwa binti yangu anayesoma huko, mwezi huo huo, na goti langu pia si zima. Siku tatu Edinburgh, tatu Glasgow, mbili bandari ya Mallaig. Loch Ness muachieni mwenye gari. Ni maji marefu meusi, na joka lenyewe wanalolisimulia halitoki.

Dawa ya goti ni treni. Pandeni Glasgow asubuhi, mwisho wa njia ni Mallaig, ni safari ya saa tano na ushei. Kaeni kushoto; kituo cha Fort William treni hugeuza mwelekeo, hamieni upande wa pili mbaki kushoto. Mimi nilisinzia, binti akanifinya mkono: "Mama, daraja!" Ni la Glenfinnan, matao 21, limejipinda hata nikayaona mabehewa yetu ya mbele kama natazama treni ya watu wengine. Mallaig kuna feri ya Skye. Mkeo akanyage Skye, apige picha, mrudi. Ameiona.

Sasa jua. Mwezi huo Magharibi yaingia saa nne usiku, na saa kumi na nusu alfajiri lishachomoza tena. Nilikuwa nakaa na kanga begani, udhu ninao, nangoja, nangoja, mpaka usingizi wanizidi. Chukueni kitambaa cheusi cha kuziba dirisha.

Na usubi! Wadogo kama chembe ya pilipili manga, upepo ukitulia jioni waja wingu zima. Mbu wetu ana adabu, huja mmoja mmoja.

Glasgow chakula cha halali ni tele. Samaki na chipsi ulizeni kwanza wakaanga kwa mafuta gani, wengine hutumia ya ng'ombe. Mimi niliuliza nishakula nusu. Majaketi nunueni mitumba sokoni Kongowea, hapa hapa Mombasa. Mwavuli acheni, wangu upepo uliugeuza bakuli siku ya kwanza, pale barabara ya Royal Mile, Edinburgh, mbele za watu.

Baharia_Likoni:
Bi Kizito kamaliza. Mimi naongeza pesa tu. Kule benki tatu huchapisha noti zao. Ni pauni zile zile, lakini nilirudi na ya 20, na kila duka la kubadilisha pesa nililoingia hapa mjini waliigeuza geuza wakanirudishia. Iko kwenye droo hadi leo. Zimalizeni huko huko.

Halafu muonye mama: saa saba kamili mchana hupigwa mzinga ngomeni Edinburgh, kila siku isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi. Mimi nilijimwagia chai.

MwanaWaMakupa:
Shukran sana. Nimemsomea mama. Mallaig amekubali, feri amekataa, asema ya Likoni yamtosha. Bi Kizito, hiyo kushoto ni wakati wa kwenda?

BiKizito_Tudor:
Wa kwenda. Kurudi, kulia. Na dirishani akae mama, si wewe.