Naomba ushauri: nisomeshe vipi neno la Kiingereza lenye maana nyingi?

Asalaam aleikum, walimu wenzangu. Nasomesha Kiingereza kidato cha pili katika skuli moja ya Wete, Pemba, na nimekwama kwenye neno ambalo wanafunzi wanaamini wanalijua: “run”. Wao wanaelewa kukimbia tu, ilhali mtu akiendesha duka, maji yakitiririka, kanga ikichuja rangi, mgombea akiwania uwakilishi au pua ikitoka kamasi, Mwingereza hutumia neno hilo hilo. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi hicho peke yake.

Nimejaribu kuwapa visawe, yaani “manage”, “flow” na “operate”, lakini wanavichanganya, hata mmoja akaandika kwamba mto una-“operate” kuelekea baharini (nilicheka, nakiri). Kuwakaririsha orodha sikupendi.

Je, ni bora nianze na maana ya msingi ya mwendo usiokatika kisha nizitoe nyengine humo, au nisomeshe kila maana pamoja na nomino zinazoandamana nayo? Na kwa kiwango hicho, ni maana zipi hasa zinazotosha kwa mwaka mmoja?